Mvua ya Nyumbani

3 Machi

Kaka Gogo,

Ningekuuliza hali, lakini hali yako nimeiona gazetini, ukurasa mzima. Wamekuita kigogo wa sanaa. Nilicheka hadi uzi ukakatika kwenye cherehani. Wangejua kwamba Gogo ni jina alilokupa Baba, kwa sababu ulikuwa ukipigwa hulii wala hukimbii, unalala tu pale sakafuni, wasingethubutu kuliongezea hilo "ki".

Picha ya sanamu yako nimeikata nikaibandika ukutani. Lile jitu la mti lenye mkono mrefu kuliko mwili, lililochomwa moto mgongoni. Mteja wangu mmoja aliliangalia weee, akaniuliza, "Huyu amelogwa?" Nikamwambia, "Hapana, huyu ni baba yetu." Akachukua gauni lake akaondoka bila kulijaribu.

Sasa la maana. Baba yuko kwangu tangu Desemba. Majirani zake walimkuta barabarani na nguo za ndani tu, anatafuta karakana yake, nayo iliuzwa miaka kumi iliyopita. Akili imeondoka, nguvu zimebaki. Seremala ni seremala, ile mikono bado inaweza kung'oa msumari bila koleo. Ananiita kwa majina ya watu waliokufa. Anajisaidia kwenye vitambaa vya wateja. Niko naye peke yangu, maana watoto wangu wana maisha yao mbali, na baba yao yuko kaburini.

Simu yako haipatikani mwaka wa pili sasa, ndiyo maana naandika. Njoo, Kaka. Hata wiki moja tu. Huku mvua imeanza kunyesha, na safari hii ni kubwa.

Mdogo wako,
Sindano


19 Machi

Sindano mdogo wangu,

Simu niliitia kwenye tumbo la sanamu ikiwa hai, nikaimwagia plasta. Ililia siku mbili humo ndani, kisha ikanyamaza. Watu walisimama mbele yake wakafuta machozi. Mimi nilipata usingizi.

Nina maonyesho mwishoni mwa mwezi wa nne. Sanamu kumi na moja, turubai sita. Sanamu nazichonga kwa shoka, kwa sababu patasi inabembeleza mno. Mti naupiga mpaka utoe ulichokuwa unaficha, halafu nauchoma, halafu naupigilia misumari. Turubai naitandika sakafuni, nachovya kamba kwenye rangi, naichapa. Ndiyo, naichapa. Jirani wa chini aliwahi kuita polisi, akidhani kuna mke humu. Polisi akakuta mtu wa miaka hamsini na mitano hana shati, anahema, amejaa wekundu hadi masikioni. Ilibidi anuse kidole changu ahakikishe kuwa ni rangi.

Zote kumi na moja ni yeye. Wanaoandika magazetini wanasema nachonga "mateso ya binadamu". Wapi! Nachonga seremala mmoja tu. Kwenye turubai kubwa amesimama na mkanda, mimi niko chini, na wewe uko mlangoni unaangalia. Nakutumia picha yake.

Kuja sitaweza. Mtu yule kwangu alikufa siku nilipotoka na kifurushi changu nikiwa na miaka kumi na saba, na maiti haiendewi kwa kujuliwa hali. Mpeleke kwenye nyumba ya wazee. Na kuhusu mvua, mwite fundi akaze mabati, weka ndoo panapovuja. Utu uzima huo bado unaogopa mvua!

Kaka yako,
Gogo


4 Aprili

Kaka,

Mvua. Nimesema mvua. Umekaa na watu wa maonyesho mpaka umesahau lugha ya kwetu?

Nani alikuwa anakaa dirishani, akisikia kengele ya baiskeli ya Baba ananong'ona, "Mvua inakuja"? Nani alinifundisha kusema "jana kwetu ilinyesha", ili wenzangu shuleni wasijue kwa nini siwezi kukaa kwenye benchi? Neno hilo ulilitunga wewe. Paa langu halivuji. Mvua ile ile ndiyo inanyesha humu ndani.

Ilianza Januari, manyunyu tu. Sasa hivi ni karibu kila siku. Jumanne ilivunja kikombe na mguu wa kiti. Mkono wangu wa kulia umevimba, mkasi siwezi kuushika, na gauni la bibi harusi wa watu limelala mezani halina mikono. Siwezi kumwambia mtu. Naona aibu hata kuiandika, maana kilichoandikwa husomwa.

Turubai yako nimeiona. Umepatia kila kitu, mpaka ufa wa ukutani. Ila mimi umenichora kama lile gauni, sina mikono. Nimejitazama sana pale mlangoni. Ulipoondoka nilikuwa na miaka tisa, Kaka, na mvua haikuondoka na wewe. Ilibaki miaka tisa mingine, na haikuwa na mtoto mwingine wa kumnyeshea. Hilo hujalichora kwa sababu hujawahi kuniuliza.

Mikono ninayo. Njoo uione.

Sindano


11 Aprili

Sindano,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nilipoimaliza nilikuwa na shoka mkononi, na sikumbuki nililichukua saa ngapi. Turubai kubwa haipo tena, nimeicharanga. Sanamu tatu nimezipasua zikawa kuni. Mwenye jumba la maonyesho alikuja akakaa kwenye vumbi akalia kama amefiwa. Nikamwambia atoke kabla sijakosea shabaha.

Miaka themanini kasoro mmoja na bado anapiga! Nami nilikuwa nadhani namuua kila asubuhi, kumbe nilikuwa naua miti, na yeye yuko kwako anakupiga wewe. Na ile miaka tisa! Nisamehe. Nilijiambia kwamba wewe alikuwa anakupenda. Niliihitaji hiyo ili niweze kuondoka.

Sasa nisikilize, nasema kama kaka yako mkubwa na wa pekee. Akinyanyua mkono, mpige. Usisubiri anyanyue, mpige kabla. Chukua hiyo futi yako ya mbao ya kupimia nguo, mpige kwa ajili ya mama, mpige kwa ajili ya mbavu zangu za kushoto, mpige kwa ajili ya benchi la shule. Nakupa ruhusa, na kama kuna dhambi iandikwe kwangu. Si alikuwa anatuambia samaki mkunje angali mbichi? Mkunje huyo mkavu, tuone kama hatavunjika.

Nikishaufungua mlango wa maonyesho haya, nakuja. Nakuja na shoka.

Gogo


22 Aprili

Kaka,

Amevunjika. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.

Baba hajanipiga. Tangu aingie humu hajaninyanyulia hata kidole. Mvua ni mimi.

Nilidhani umeelewa. Nilipokuandikia kwamba mkono wangu wa kulia umevimba, nilidhani utajua umevimba kwa kufanya nini. Lakini sisi tulipokuwa tunasema "inanyesha", hatukuwahi kusema nani ananyesha, kwa sababu alikuwa mmoja. Nililikimbilia neno letu kwa kuwa lile jingine lilinishinda, na wewe ukalisoma kwa macho ya yule mtoto wa dirishani.

Kofi la kwanza lilikuwa la chai. Alinimwagia miguuni, mkono wake ulitetemeka tu. Nikampiga. Akanitazama kama mtu aliyegongwa na mlango. Na Kaka, nilisikia raha. Naandika hivyo hivyo bila kuremba. Raha ya kuvua kiatu kilichobana kutwa nzima. Kesho yake nilitafuta sababu ya kumpiga tena. Siku ya tatu sikutafuta. Nilimpiga kwa kikombe, kwa kiti, kwa kiganja. Nilikuwa nazunguka nyumba ili hasira ishuke, narudi naikuta imeniwahi, imekaa. Nikakuandikia uje unizuie.

Ikaja barua yako. Niliisoma mara tatu nikaikunja nikaitia kifuani. Kumbe nina ruhusa! Kumbe hata dhambi ina mwenyewe! Nikachukua futi ya mbao, kama ulivyosema. Alikuwa amekaa kitandani anafunga vifungo vya shati, amevikosea, kimoja kimevuka. Nilianza hapo kwenye vifungo. Nilikutaja, nikamtaja mama, nikataja benchi, kila pigo na jina lake, mpaka mfupa ukalia.

Hospitali nilisema ameanguka bafuni. Nesi akaandika "ameanguka". Ndivyo mama alivyokuwa anasema juu yako, na nilisikia sauti yake ikitoka kinywani mwangu, ya upole kabisa.

Mchukue. Sikutishi, nakwambia: ukichelewa nitamuua. Barua yako nimeichoma, lakini maneno yake yote ninayo kichwani.

Sindano


6 Mei

Sindano,

Tumefika. Njia nzima alinilalia begani, udenda ukanilowesha shati. Kila abiria alinisifu kwa kumtunza mzee wangu.

Nilikukuta umesimama nyuma ya cherehani. Ulininyooshea kidole cha kwenda chumbani na hukugeuka. Nami sikukusalimia. Nakwambia kweli kwa sababu tumefichana vya kutosha: nilipokutazama mgongo nilimwona yeye. Niliogopa ukigeuka utakuwa na uso wake.

Nimemwekea kitanda hapa studio, kati ya sanamu nane zilizobaki. Hazimtishi. Anazipa salamu asubuhi, moja moja, kama watu waliokuja msibani.

Jana nilimwogesha. Nilipomvua shati niliiona michubuko. Miaka thelathini napaka michubuko nyekundu na nyeusi, na wataalamu wameandika kurasa na kurasa juu ya wekundu wangu. Si kweli, Sindano. Mchubuko ni wa kijani. Pembeni una umanjano wa ndizi iliyosahauliwa, katikati una zambarau. Sisi wenyewe tulikuwa na rangi hizo miilini, nilizisahau vipi? Nilifuta mikono, nikachukua rangi, nikamchora hapo hapo akiwa kwenye beseni, anatetemeka. Maji yalipoa nikawa bado nachora. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Utasema sina haya, na utakuwa umesema kweli.

Wewe pumzika. Mimi sitamgusa. Hasira yangu yote nimeimalizia kwenye mti, ndiyo faida ya kazi hii. Wewe hukuwa na mti, ndiyo maana yakakukuta.

Gogo


15 Mei

Kaka,

Kwa hiyo mimi sikuwa na mti. Asante. Nilikuwa na nguo za watu, na nguo hazipigwi, labda zipigwe pasi.

Nyumba imenyamaza. Gauni la bibi harusi nimelimaliza kwa mkono wa kushoto. Nalala, naamka, nasikiliza. Wiki ya kwanza nilikuwa natenga vikombe viwili vya chai bila kujua.

Usimchore tena kwenye maji baridi. Ni mzee.

Na haya uyashike, mimi niliyapata kwa gharama yake. Usimguse kichwa ukitokea nyuma. Usimuulize "kwa nini", hajui. Akisema neno baya juu ya mama, hajui anasema na nani, toka nje. Usimwachie kitu chochote cha useremala karibu, mikono yake hufanya kazi hata yeye akiwa hayupo. Siku atakapokuharibia kitu unachokipenda, na hiyo siku itafika, zunguka nyumba mara saba. Mimi nilizunguka tatu, hazikutosha.

Halafu usiseme hutamgusa. Hata mimi nilisema.

Sindano


29 Mei

Mdogo wangu,

Tangu nimlete nilianza sanamu mpya. Si yeye. Ni mama, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Unajua hatuna picha yake hata moja, kwa hiyo uso nilikuwa nautafuta kwenye mti, shoka dogo, polepole, nakata, nakaa, nakumbuka. Mdomo peke yake ulinichukua siku kumi na mbili. Siku moja ulikaa kama alivyokuwa anaukaza akizuia kusema, nikajua nimempata. Nilipiga magoti mbele yake nikalia kama mtoto.

Juzi mwenye jumba aliniita kuhusu maonyesho, tuliyoyasogeza mbele. Nilimfungia Baba ndani, nikakaa huko mpaka mchana. Msasa nilikuwa nimeuacha juu ya benchi. Ulinionya, najua.

Ameusugua uso wote. Kwa mkono wake mmoja mzima, asubuhi nzima. Makovu ya shoka, mashavu, ule mdomo, vyote vimekuwa laini kama mguu wa meza. Amekaa chini yake, vumbi la mti limejaa kwenye kope, amefurahi. Akaniambia, "Kazi imekwisha. Mwenyewe aje achukue."

Sikuzunguka nyumba hata mara moja. Nilimpiga ngumi ya uso. Alipoanguka nilichukua nyundo ya mti nikampiga begani, na nilikuwa nimeinyanyua tena. Nilikuwa nalenga kichwa, Sindano. Sitaki uambiwe vingine na mtu yeyote, hata na mimi siku nitakapoanza kujitetea.

Akajikunja, akaweka mkono juu ya kichwa, kama tulivyokuwa tunaweka sisi. Akasema, "Nisamehe, baba."

Nyundo ilinidondoka.

Mtu yule hajawahi kuniita baba. Wazazi wengine huwaita hivyo watoto wao wa kiume, baba njoo, baba kula, pole baba. Nilikuwa nawasikia wenzangu wakiitwa mtaani nikawaonea wivu. Mimi nilikuwa Gogo. Sasa sijui alikuwa anasema na mimi mwanawe, ananiomba msamaha niliousubiri miaka arobaini, au alikuwa anasema na babu, ambaye hatukumjua, amemsimamia na kitu mkononi. Nilimshika mashavu nikamuuliza, "Baba yupi? Unamwambia nani?" Nilimtikisa. Akarudia hayo hayo maneno mawili, huku analia, akinitazama machoni.

Daktari ameshamwona. Bega limeteguka, pua imevunjika. Aliniuliza imekuwaje. Nikasema ameanguka. Lilinitoka lenyewe, kwa upole.

Wewe umekaa naye kuliko mimi. Niambie alikuwa anamwambia nani. Siwezi kufanya kazi, siwezi kula, nataka hilo tu.

Gogo


3 Juni

Kaka,

Sijui.

Mimi aliniambia, "Nisamehe, mama." Ilikuwa ile siku ya mkono. Sikukuandikia kwa sababu nilidhani sitaandika tena maishani mwangu nikishaliandika. Na mimi sijui kama mama huyo nilikuwa mimi binti yake, au mama yetu, au mama yake mwenyewe. Tofauti yetu ni moja tu. Wewe nyundo ilikudondoka. Mimi niliisikia ile "mama" vizuri kabisa, na bado niliendelea.

Kwa hiyo acha kumuuliza. Hata angejua, hatukumpa nafasi ya kusema bila kupigwa, na neno la mtu anayepigwa halina mwenyewe. Nimelia juu ya hilo wiki sita, na wewe utalia, lakini lia pembeni. Tuna kazi.

Nimefunga duka. Nakuja Ijumaa na cherehani yangu. Mpaka nifike usibaki naye peke yako, hata kwa kikombe cha chai. Shuka sasa hivi kwa jirani wa chini umwombe aje akae nanyi, na umwambie ukweli. Ukishindwa kuusema, mpe hii barua asome. Daktari pia arudi, aambiwe. Mimi nimeshakwenda hospitali ya huku. Yule nesi nilimkuta. Alikata neno "ameanguka" kwa mstari, akaniuliza aandike nini badala yake, na nikamwambia aandike jina langu. Wameniambia nitaitwa. Wakiniita nitakwenda.

Tutamlea wawili, milango ikiwa wazi, majirani wakipita wakiona. Ukiniona nimemshika vibaya, nitoe nje, hata kwa kuniburuta. Mimi nikikuona, nitapiga kelele mpaka mtaa ujae. Na siku utakayorudi ukute mlango umefungwa na mimi niko ndani naye peke yangu, usibishe hodi. Vunja.

Sindano